Je, riwaya isiyo na shujaa inaweza kumlea mtoto?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kamwene. Mimi ni babu, mkazi wa Kalenga, Iringa. Nililelewa kwa masimulizi ya Mtwa Mkwawa: jinsi askari wake walivyolishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na jinsi alivyokataa kujisalimisha hata baada ya ngome yetu ya Kalenga kuanguka mwaka 1894. Mjukuu wangu wa sekondari anasoma riwaya zilizojaa walevi, wasichana wanaodanganywa na wazazi wakali, wala simwoni humo mtu wa kuigwa. Vitabu vya namna hii vinaweza kumfunza maadili kama yalivyotufunza masimulizi yale?

JIBU: Shikamoo babu, na kamwene. Ninaamini vinaweza, ingawa njia yake ni nyingine, na njia hiyo inamhitaji mtu kama wewe.

Simulizi la shujaa humwekea mtoto kielelezo mbele ya macho. Mkwawa alipigana miaka saba, na mwaka 1898 alichagua kufa kuliko kushikwa. Anayesikia habari hiyo anajua mara moja anachotakiwa kukiheshimu. Lakini mjukuu wako huenda asikutane kamwe na jeshi la kigeni mlangoni pake. Atakutana na rafiki anayemshawishi, na fedha isiyo yake, na siku moja atakuwa mzazi mwenye hasira.

Chukua mfano wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ambayo wakati fulani ilizuiwa shuleni kwa kudhaniwa kuwa itawapotosha vijana. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi, na anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Anaamini kwamba analinda heshima ya nyumba. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa lolote juu yao, na anapofika mbali na macho ya baba hana silaha yoyote ya kujilinda. Mwandishi hahitaji kusimama katikati ya ukurasa na kutuambia kwamba kipigo si malezi, kwa kuwa tumekwisha kuyaona matokeo yake hatua kwa hatua. Nilikisoma kitabu hicho nikiwa mwanafunzi wa bweni mkoani Mbeya, na hadi leo, kila ninapotaka kumkemea mwanangu kwa ghadhabu, Zakaria hunijia akilini kabla ya shujaa yeyote.

Tena masimulizi ya kale yenyewe hayakuwa na mashujaa watupu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo wa pwani, nguvu za shujaa zinastaajabisha, lakini kinachouma ni habari ya mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, na asipate alichoahidiwa. Huyo kijana mwenye tamaa angeweza kabisa kuwa mhusika wa riwaya ya leo.

Sikatai kwamba zipo riwaya zinazouza uchafu tu, na hizo sizitetei. Namna ya kuzitambua ni kutazama kama kosa lina uzito ndani ya kitabu: je, kuna anayeumia, na je, mwandishi anatulazimisha kumtazama?

Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba wewe ulisikiliza mbele ya mzee, ukauliza, ukajibiwa, ilhali mjukuu wako anasoma peke yake chumbani. Mwombe akusomee sura moja kwa sauti jioni, na mnapofika mahali mhusika anapokosea, msimamishe umuulize yeye angefanya nini. Kisha umsimulie habari za Lugalo, naye akuulize wewe.