Nilifungua faili moja moja siku tatu, wewe usirudie

Juzi mdau kaniandikia inbox, kapewa kompyuta ya ofisini aipekue, ina mafaili kama laki tatu, anauliza aanzie wapi. Nikacheka, halafu nikakumbuka yangu nikaacha kucheka.

Bosi mmoja wa duka la jumla alinipa laptop ya mhasibu wake aliyeondoka, anataka mahesabu yaliyofichwa. Nikakaa siku tatu nafungua folda moja baada ya nyingine, madll (mafaili ya mfumo wa Windows), mafonti, mapicha ya Windows, macho mekundu, najiona fundi kwelikweli. Siku ya nne akaletwa dogo wa chuo. Akachomeka diski, akapakia NSRL, orodha ya mafaili yanayojulikana, kwenye Autopsy, programu ya kupekua diski, akaenda zake kula chipsi. Anarudi, mafaili ya Windows na Office yanayojulikana yote yamewekwa pembeni, yamebaki ya mwenyewe, na mojawapo lilikuwa Excel limebandikwa jina la .dll. Mimi hilo faili nililipita siku ya pili, kwa macho yangu haya! Bosi alivyoniangalia... tuyaache.

NSRL ni ya NIST, wale watu wa viwango wa Marekani. Wanakusanya programu halafu wanaweka heshi ya kila faili lililomo. Heshi ni kama alama ya kidole, ya aina ya SHA-256 ina herufi na tarakimu 64, gusa biti moja tu ndani ya faili inatoka nyingine kabisa, ila jina libadilishe utakavyo, heshi haitikisiki. Ndo maana lile la mhasibu lilikosa wa kulitambua likabaki uchi.

Ila msikurupuke. Kujulikana siyo kuwa safi, kwenye orodha hiyo mna mpaka zana za udukuzi na za kuficha data. Na MD5, aina ya heshi ya zamani, peke yake msiitegemee, 2004 watafiti walishatoa data mbili tofauti zenye MD5 moja, SHA-1, aina nyingine ya zamani, nayo ikafuata 2017. Tumieni SHA-256, na fanyeni kazi kwenye kopi ya diski, siyo diski yenyewe (nilijifunza hili pia kwa aibu, siku nyingine).

Vijana tuna ujuaji sana, tunaona kukesha ndo kazi. Punguza kwanza, ndo ufungue. Narudia, punguza kwanza.

Mdau ukikwama niulize mimi, yule dogo muache.