Jibu: Usiyang'oe masale ya kihamba kabla hujamuuliza mzee

Weka panga chini kwanza. Umeandika kwamba uliokoka mwaka jana, kwamba mchungaji wako amekuelekeza ung'oe masale yote, ile mimea ya majani marefu, ya kihamba (shamba la ukoo la migomba) ulichoachiwa na marehemu baba yako Marangu kwa kuwa ni miti ya mizimu, na kwamba Jumamosi hii unapanda huko na vijana wa kwaya kuifanya kazi hiyo. Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu kazi hiyo niliwahi kuifanya mimi, tena nikiimba pambio.

Mhubiri aliyenituma hakuwa mtu wa Kilimanjaro wala hakuwahi kukanyaga kihamba. Alijua jambo moja tu kuhusu sale, kwamba limetumika kwenye matambiko, na juu ya jambo hilo moja akajenga mahubiri ya juma zima pamoja na sadaka ya ukombozi, ambayo niliitoa bila kuomba risiti. Baadaye nilipokwenda kumweleza yaliyonipata, nilikuta mlangoni mwa ofisi yake mmea wa jamii ileile ya sale, umepandwa kwenye chungu cha kauri na kufungwa utepe. Ule, nadhani, ulikuwa umeokoka.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Masale ya upande wa chini wa kihamba chetu hayakuwa ya tambiko lolote. Yalikuwa mpaka kati yetu na baba yangu mdogo, yamepandwa na babu alipowagawia wanawe, na kwa kuwa ardhi ile ilishikwa kimila, bila hati wala jiwe la mpimaji, hapakuwa na ushahidi mwingine duniani isipokuwa ule mstari wa majani. Mimi niliung'oa wote na kuuchoma moto. Masika yalipopita mashimo yalikuwa yamejifukia, na migomba mipya ya baba mdogo ikaanza kusogea upande wetu kidogo kidogo, bila shaka kwa nia njema, maana hata yeye hakuwa tena na kitu cha kumwongoza. Nilipolalamika akaniuliza mpaka uko wapi, nikanyoosha kidole mahali pasipo na kitu. Tulipofika Baraza la Kata, mzee mmoja aliniuliza kwa upole mno ni nani aliyeiondoa alama, nami nikajibu kwa sauti ndogo kiasi kwamba karani aliniomba nirudie ili aandike.

Uchungu wenyewe haukuwa ule ukanda wa ardhi. Mama yangu mjane, aliyekuwa akivuka pale kila siku kwenda kuchota maziwa kwa shemeji yake, alianza kuzunguka kwa njia ya barabarani, na kwenye msiba uliofuata ukoo ulikaa makundi mawili. Haya yote kwa jina la Yesu! Na Biblia niliyokuwa nimeibeba siku ile inakataza waziwazi, katika Kumbukumbu la Torati 19:14, kuiondoa alama ya mpaka wa jirani iliyowekwa na watu wa kwanza. Mhubiri wangu hakuwahi kuufikia mstari huo, nami sikuutafuta.

Kupatana kulipowezekana, baba mdogo, ambaye ni mzee wa usharika wa Kilutheri na humshindi kwa sala, alisema nije kuomba radhi kama Mchaga, yaani na jani la sale mkononi, ambalo kwa desturi aliyekosewa halikatai. Mimi sikuwa na hata moja. Nililiomba kwenye uzio wa jirani, naye akanipa mawili akisema la pili niliweke akiba kwa kuwa ananifahamu.

Simtetei kila mzee wala kila mila. Ni kweli kwamba masale yalipandwa pia penye makaburi ya ukoo na kutumika katika sadaka kwa wahenga. Hapo Mkristo akatae, tena bila kigugumizi. Lakini Paulo, katika 1 Wakorintho 10, aliwaruhusu watu kula nyama ya sokoni bila kuuliza-uliza, na akawataka waiache pale tu mtu anapowaambia kwamba hii ni ya sadaka. Alilitazama tendo, hakuifunga bucha. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alishikilia kwamba ukoo na ujirani ni vifungo vya Mungu mwenyewe ambavyo kanisa halina ruhusa ya kuvikata. Alizidisha mahali pengine, lakini kwa hili ningempa mimbari ya mhubiri wangu kesho asubuhi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: muulize mzee wa ukoo kila sale linafanya kazi gani, moja moja, mkitembea naye kihambani, kabla hujagusa hata jani. Lililo la tambiko mtalizungumza na kulisali. Lililo la mpaka usiliguse, na ukiweza, jirani na mwenyekiti wa kitongoji wawepo ili waandike linapopita.

Na kama umekwisha kukata, usichome mashina. Sale huchipua kutoka kwenye kipande cha shina, hivyo yachomeke katika mashimo yaleyale leo, wakati bado yanaonekana, na mwite jirani asimame akitazama.