Maswali na majibu: "Little" inapogeuza maana ya kipeperushi

SWALI: Natafsiri vipeperushi vya afya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mhakiki amenirudishia kazi ikiwa na alama nyekundu karibu kila nilipoandika "kidogo" kwa neno "little", na sehemu moja anasema nimepindua maana kabisa. Kamusi yangu inasema "little" ni -dogo. Nimekosea wapi?

JIBU: Kamusi haikukudanganya, ila imekupa nusu ya habari. Tuanze na sentensi ambayo bila shaka ndiyo iliyomkera mhakiki, kwa sababu hujaa kwenye maandishi ya afya: "There is little evidence that this medicine helps." Ukiandika "Kuna ushahidi kidogo kwamba dawa hii inasaidia", msomaji ataelewa kuwa ushahidi upo, hata kama si mwingi, na pengine ataona bora ajaribu. Mwenye kipeperushi alitaka kumwambia asiitegemee. Tafsiri salama ni "Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba dawa hii inasaidia."

Kinachotenganisha maana hizo ni ile "a" ndogo. "A little evidence" inasema kitu kipo. "Little evidence", bila "a", inalalamikia upungufu. Kiswahili hutumia "kidogo" kwa zote mbili, ndiyo maana mtafsiri huteleza bila kujua. Njia ya kwanza ya kujinusuru ni kukanusha, kama hapo juu: hakuna cha kutosha, si sana, hana ila kidogo. "She speaks a little English" ni "Anazungumza Kiingereza kidogo". "She speaks little English" ni "Hajui sana Kiingereza", na muuguzi anayesoma maelezo hayo atajua kwamba anahitaji mkalimani. Njia ya pili ni kuihamisha "kidogo" iwe ndiyo taarifa yenyewe. Mtu akisema "Tuna maji kidogo", unaweza kumwomba kikombe. Akisema "Maji ni kidogo", usitarajie kuoga. Njia ya tatu ni kutumia maneno yanayobeba upungufu ndani yake: haba, finyu, adimu. "Little hope" ni matumaini finyu. "A little hope" ni kwamba matumaini hayajakatika.

Mtego huo huo uko kwenye "few" na "a few" kwa vitu vinavyohesabika, na "-chache" haikuokoi peke yake.

Usiishie hata hivyo kutafuta "a" tu, maana "a" yaweza kuwa si ya "little". Tazama nomino inayofuata. Kwenye "a little book", "a" ni ya kitabu na "little" ni ukubwa wake: kitabu kidogo. Kwenye "a little salt", chumvi haihesabiki, kwa hiyo ni kiasi: chumvi kidogo. Yapo maneno yanayokaa pande zote mbili. "A little chicken" kwenye kitabu cha mapishi ni nyama ya kuku kidogo. Kwenye hadithi ya watoto ni kifaranga. "A little fish" nayo ni hivyo hivyo, na hapo muktadha tu ndio utakaoamua. Mbaya zaidi ni kistari: "a little-known disease" ni ugonjwa usiojulikana sana. "A" hapo ni ya ugonjwa, na "little" ni ile ya upungufu. Waandishi wengi husahau kuweka kistari, basi ukikutana na "little" mbele ya kitenzi kama "known", "used" au "understood", simama uisome sentensi nzima.

Kuna "little" nyingine ambayo haina habari na kiasi. Waingereza wanapopima hutumia "small": dozi, saizi za nguo, utumbo mwembamba. "Little" mbele ya nomino mara nyingi huongeza hisia, hasa ikitanguliwa na kivumishi kingine. "A nice little house" ni nyumba ndogo inayopendeza, mwenyewe kaipenda. "A nasty little man" ni dharau tupu, hata kama jamaa ana futi sita. Kiswahili kina ki- na ji- kwa kazi hiyo, lakini viambishi hivyo vina makali. Mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania aliziita "vijisenti" fedha zake zilizokuwa ng'ambo, zaidi ya dola milioni 1, na neno hilo bado linatumika kumsuta mtu. Kwa hiyo "the little boy" kwenye kipeperushi iwe "mtoto mdogo", isiwe "kitoto" wala "kijitoto". Kiambishi ka- cha "katoto" hubembeleza, na Wakenya wanakitumia sana katika mazungumzo, ila kwenye maandishi rasmi kiache.

Kwa ndugu, "little brother" na "little sister" zote ni "mdogo wake". Ongeza "wa kiume" au "wa kike" iwapo jinsia ina maana kwa habari yenyewe. "The little finger" ni kidole cha mwisho.

"Little" ikitangulia kitenzi cha kujua au kudhani, ni kukanusha moja kwa moja. "Little did she know that she was pregnant" ni "Hakujua kabisa kwamba ana mimba". Ukiandika "alijua kidogo", umemsingizia. Kinyume chake, "not a little" ni sifa au lawama nzito, na hapa Kiswahili kinalingana nayo vizuri: "ilimsumbua si kidogo", au "si haba".

Kwenye kulinganisha, kiasi huenda "less" na "least", na ukubwa huenda "smaller". "Lesser" ni ya majina na ya misemo: "lesser kudu" ni tandala mdogo, na "the lesser of two evils" usihangaike nayo, sema heri nusu shari kuliko shari kamili. "At least" uiangalie kwa makini kwenye maagizo. "Angalau dakika 1" baadhi ya wasomaji huisikia kama ruhusa ya kulegeza. "Isipungue dakika 1" haina mwanya.

La mwisho ni "little and often", ambalo lazima umekutana nalo kwenye maelezo ya kuhara. "Give fluids little and often" ikiandikwa "Mpe vinywaji kidogo", mama atapunguza maji kwa mtoto ambaye tayari anapoteza maji mengi. Rudufu neno, na usiiache "often": "Mpe vinywaji kidogo kidogo, tena mara kwa mara." Na kama waraka asilia unataja kipimo, kwa mfano kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika 1 au 2 kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kiandike hicho kipimo hapo hapo kwenye sentensi, kisisubiri jedwali la ukurasa wa nyuma.