Miche ya nyanya Dodoma: mi niliiua kwa maji, sio jua

Mwaka wa kwanza nahamia Nzuguni nilisia nyanya kwenye trei, siku ya sita hivi zikaanza kuota, yani karibu zote, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la familia. Wiki haijaisha nusu ishalala. Unakuta mche umeanguka, majani bado kijani kabisa, ila pale shina linapotokea kwenye udongo pamesinyaa pamekuwa kama uzi uliolowa. Mi nikajua tu ni hili jua letu, nikazidisha maji, asubuhi mchana jioni. Zikaisha zote.

Kuna mama jirani, siku nimepita kumwamkia nikamwonyesha ile trei, hata hakuishika, akasema "mwanangu, hizi umezizamisha." Kumbe ni ugonjwa wa kinyausi. Vimelea vyake vinakaa kwenye udongo, vinapenda unyevu na miche iliyobanana, na mche ukishalala hakuna dawa ya kuuinua, ng'oa tupa.

Siku hizi nachomeka kidole mpaka kiungo cha kwanza, kikitoka na udongo umenata simwagilii, hata jua liwake vipi. Maji ni asubuhi ili usiku uso wa udongo uwe umekauka, na natumia chupa niliyotoboa kifuniko kwa pini maana ukimimina na jagi unafukua mizizi. Udongo wenyewe nachanganya na mchanga wa korongoni na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, sio ile bado inanuka zizi, halafu naukaanga kwenye sufuria kuukuu na kuuacha upoe kabla ya kusia. Mke wangu hajawahi kunisamehe hiyo sufuria.

Trei lazima iwe imetobolewa chini, hilo halina mjadala.

Kosa langu jingine lilikuwa upepo. Ule wa mwezi wa saba wa hapa kwetu mnaujua, nikaificha miche ndani sebuleni, ikarefuka myembamba, imepauka, imeinamia dirishani kama inachungulia wapita njia. Inataka mwanga! Sasa naiweka upande wa ukuta wa mashariki, inapata jua mpaka saa nne hivi, baada ya hapo neti, na kadiri inavyokua naongeza muda. Mbolea ya urea usiiguse wakati mche una vile vijani viwili vya kwanza, mi niliweka kijiko kimoja tu nikaunguza trei nzima.

Wiki ya mwisho kabla ya kuhamishia shambani punguza maji na toa neti ili izoee shida, wiki ya nne mpaka ya sita ikiwa na majani halisi (yale yanayokuja baada ya vile viwili vya kwanza) manne au matano hamisha, saa kumi na moja jioni sio mchana jamani. Msimu huu zimebaki trei mbili, ya tatu walifanyia kazi kuku wa jirani, yule yule mama, na nitamwambia nini sasa.