Jibu: Henry Percy alikufaje mara mbili?

Habari mkuu. Umekwama kwa sababu Henry Percy, Erli (cheo cha ukabaila) wa Northumberland, anaonekana kufa mara mbili katika Vita vya Waridi, ambavyo koo za Lancaster na York ziligombea taji la Uingereza, kisha yuko hai kwenye pigano la Bosworth. Hao ni watu watatu: baba, mwana na mjukuu, jina moja, cheo kimoja.

Mimi kwenye koo hizi huanza na mwaka wa kifo. Erli wa pili aliuawa St Albans, 1455. Mwanawe alianguka Towton tarehe 29 Machi 1461 upande wa Lancaster. Bunge la Edward IV, mfalme wa upande wa York, likamtangaza msaliti na ukoo ukapokonywa mali. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: kuanzia 1464 Erli wa Northumberland ni John Neville, si Percy kabisa! Mjukuu alikuwa kifungoni. Alitoka 1469 baada ya kula kiapo, mwaka uliofuata akarudishiwa cheo. Neville akapozwa na umarkizi (cheo kilicho juu ya erli) wa Montagu, hakupoa. Akamgeuka Edward, akafia kwenye pigano la Barnet 1471.

Huyo mjukuu ndiye wa Bosworth, 1485. Jeshi lake lilisimama tu huku Mfalme Richard III akiuawa. Naye akauawa 1489 na watu wa Yorkshire waliokuwa wanagomea kodi.