Bastola ya kwanza ya shabaha: anza na .22 (ya risasi ndogo), na sefu itangulie

Mkuu, umesema uko Dallas, unataka bastola ya kupigia shabaha Jumamosi, wenzako wanakusukumia 9mm (ya risasi kubwa zaidi) fupi ya kubeba kiunoni, na nyumbani una watoto wawili. Mimi niko Houston na nilipita njia hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Hiyo fupi achana nayo kwanza. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, teke lote linaishia mkononi mwako. Niliponunua ya kwangu, kila risasi ilitua chini kushoto, nikailaumu bastola miezi mitatu. Siku moja mzee mmoja pale uwanjani akachukua magazini yangu (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini), akachomeka risasi bandia katikati ya za kweli bila kunionyesha. Nikavuta triga (kifyatulio), ikalia "tik" tu, na mtutu ukainama wenyewe mbele ya macho yangu. Nilikuwa naogopa mlio kabla haujalia.

Akanipa Ruger Mark IV yake, .22, nzito kidogo, yenye mtutu mrefu. Haina teke la kukushtua, na risasi zake ni za bei nafuu kuliko za 9mm, kwa hiyo unapiga nyingi na mkono unajifunza. Kuifungua ili uisafishe unabonyeza kitufe kimoja nyuma. Ukitaka 9mm baadaye, chukua ya saizi kamili, mfano Glock 17. Viwanja vingi vinakodisha. Kodi mbili tatu kabla hujatoa hela, uone kama kidole kinafika kwenye triga bila kupindisha kiganja.

Kuhusu karatasi: dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu kwa mnunuzi wa silaha, na kwa bastola lazima uwe umetimiza miaka 21. Mwenye green card anaruhusiwa. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, na kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai.

Sasa watoto. Mimi niliificha juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu. Binti yangu, miaka sita, akaniambia jioni moja tukiwa mezani, "Baba, lile boksi la viatu mbona zito?" Alikuwa amepanda kiti. Haikuwa na risasi, lakini chakula kilinishinda. Kesho yake nilinunua sefu ndogo ya chuma ya namba na kuifunga kwa skrubu ukutani. Wewe inunue kabla ya bastola. Risasi ziweke kwenye boksi lingine lenye kufuli, chumba kingine. Dukani watakupa na kufuli ya bastola. Itumie hata ikiwa ndani ya sefu. Hapa Texas, mtoto wa chini ya miaka 17 akiipata yenye risasi kwa uzembe wako, unashtakiwa.

Kabla ya kuifungia: toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), uangalie chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho na kuingiza kidole. Ukigeuza mpangilio huo, risasi nyingine inapanda chemba.

Na ukitoka uwanjani una vumbi la madini ya risasi mikononi na kwenye nguo. Nawa kwa sabuni na maji baridi, badili shati, ndipo uwabebe wanao.