Ruzuku Inaisha, Mfumo Unafanya Kazi: Msikimbilie Mwekezaji

Msomaji mmoja ameandika: mradi wao wa miaka mitatu ulilipiwa kwa fedha za umma, njia yao mpya ya kusafirisha data kwenye intaneti imefaulu maabara, na ruzuku inakwisha baada ya miezi minne. Anauliza wamwendee mwekezaji wa aina gani. Bado mapema. Mwekezaji makini atauliza kwanza hii ni mali ya nani, na hapo ndipo vikundi vyenye akili nyingi hupigwa na butwaa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la programu ni historia ya msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayoiunda programu. Ingieni kwenye hazina yenu ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, andikeni git shortlog -sne, mtapata kila jina lililochangia na idadi ya michango yake. Mbele ya kila jina jazeni mambo matatu: siku hizo alikuwa mwajiriwa wa nani, alisaini nini, alilipwa kwa ruzuku ipi. Wafanyakazi wa chuo aghalabu wameshafungwa na mikataba yao ya kazi. Balaa ni mwanafunzi. Mahali pengi yeye si mwajiriwa, kwa hiyo alichoandika kinabaki chake mpaka asaini vinginevyo. Kijana aliyeandika kipande cha kusoma pakiti (vifurushi vidogo vya data) kwa miezi miwili, kisha akahamia nchi nyingine, anaweza kusimamisha mauzo yote. Mtafuteni sasa, angali anajibu barua pepe; mkishapata fedha, saini yake itapanda bei. Asipopatikana, kipande hicho kiandikwe upya na mtu ambaye hajawahi kuusoma msimbo wa zamani.

Maktaba za msimbo wa watu wengine mlizotumia nazo zikaguliwe. Leseni za MIT na Apache 2.0 hazina ugomvi mkubwa. Leseni ya GPL inadai mkisambaza programu mtoe na msimbo wake. Ndugu yake AGPL, mkiwa mmeubadilisha msimbo, inadai hivyo hata kwa anayeitumia kupitia mtandao tu. Usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha makala, mtafiti huchukua chochote kinachofanya kazi. Ndiyo maana ukaguzi huu hauachi kushtua.

Kuhusu hataza (patent), yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, mpangilio wa tarehe ndio kila kitu. Ulaya, uvumbuzi ukishatangazwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa, kwa kawaida umeshapoteza upya wake. Marekani mvumbuzi ana mwaka 1 wa kuwasilisha tangu alipotangaza. Bango la mkutanoni ni utangazaji. Hazina ya msimbo iliyo wazi pia. Wasilisheni ombi, ndipo mchapishe. Na kama fedha ni za serikali kuu ya Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inakiruhusu chuo kumiliki uvumbuzi, lakini ni lazima kimjulishe mfadhili ndani ya miezi 2 baada ya kupokea taarifa ya maandishi ya mvumbuzi.

Lakini si kila kitu cha kukatia hataza. Mapema 1993 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitangaza kuwa baadhi ya watumiaji wa seva za Gopher, mfumo wa kutafuta na kusoma nyaraka kwenye intaneti, watalipia leseni. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ikaitoa programu ya World Wide Web iwe mali ya umma. Wote tunajua ni ipi tunayoitumia leo. Stanford, kwa upande wake, ilishika hataza ya PageRank, njia ya kupanga matokeo ya utafutaji, ikaipa Google leseni kwa hisa, na hisa hizo zikaiingizia dola milioni 336. Tofauti ni kwamba PageRank hukaa ndani ya seva za kampuni moja, haihitaji jirani akubali. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta kama hiyo njia yenu mpya, ina thamani pale tu jirani anapoitumia. Basi itifaki iachieni watu. Kinachoiendesha kwa kasi kuliko wengine kifungieni.

Halafu kuna mtandao wenyewe, ambao hauna adabu za maabara. Njia kuna vifaa vya ulinzi na vya kubadilisha anwani za IP, na vingi vinazijua TCP na UDP tu, itifaki mbili kongwe za kusafirisha data. Pakiti ngeni hutupwa kimyakimya. Itifaki ya SCTP iliumia hivyo. Nyingine, QUIC, ilipanda juu ya UDP ikapita. Fanyeni vivyo hivyo, na muweke njia ya kurudi kwenye TCP yenyewe pale UDP inapozuiwa, la sivyo mteja ataona skrini tupu na atawalaumu ninyi.

Wateja, ongeeni nao wengi. Mpango wa I-Corps wa Marekani, unaowafunza watafiti kuingiza uvumbuzi wao sokoni na ulioanza 2011, huzitaka timu zihoji watu wapatao 100, na idadi hiyo si mzaha. Msiulize “Ungeinunua?” maana kila mtu ni mpole. Ulizeni tatizo liliwapata lini mara ya mwisho na liliwagharimu nini. Mhandisi wa mtandao atawasifu. Anayesaini malipo atauliza nani atapokea simu saa nane usiku.

Yupo pia mtu mmoja anayejua kwa nini ule mstari wa ajabu kwenye msimbo haupaswi kuguswa. Mkataba wake unaisha siku ileile ruzuku inapoisha, na bila shaka ameshaanza kutuma maombi ya kazi. Zungumzeni naye wiki hii.